Kangomba haimo kwenye kifungu: kusoma ufahamu na kuzitumia istilahi za fasihi

Mwanafunzi wa Newala, Tandahimba au Ruangwa akikuta kifungu cha ufahamu kinachohusu korosho, moyo humtulia. Mada anaijua tangu utotoni: palizi, salfa, kuokota, ghala, mnada. Na hapo ndipo alama zinapoanza kupotea, kwa kuwa anajibu anayoyajua badala ya kujibu yaliyoandikwa. Kifungu kuhusu theluji ya Ulaya angekisoma kwa tahadhari, neno kwa neno. Cha korosho anakisoma kwa mazoea.

Kwa hiyo tutatumia kifungu cha korosho makusudi. Kimetungwa kwa ajili ya somo hili tu, usikitafute kitabuni. Kisome mara ya kwanza bila kalamu mkononi, mwanzo hadi mwisho, bila kurudi nyuma.

*Mwezi wa Mei, kabla mikorosho haijatoa maua, Hamisi alikwisha kuuza korosho za shamba lake. Hakuuza gunia hata moja, aliuza ahadi. Mnunuzi alimhesabia fedha taslimu chini ya mwembe, akaandika jina lake katika daftari, akapanda pikipiki, akaenda zake. Fedha ile ilinunua dawa ya mtoto na mahindi ya wiki tatu.*

*Ilipofika Oktoba, mikorosho ilizaa kuliko miaka yote. Majirani walipeleka magunia kwenye ghala la chama cha msingi, wakasubiri mnada. Magunia ya Hamisi yalipakiwa kwenye kirikuu usiku, taa zikiwa zimezimwa. Somoe, mkewe, alisimama kizingitini akiyatazama yanavyoondoka.*

*"Mwaka huu shamba limetucheka," alisema.*

*Hamisi hakujibu. Kulipokucha alichukua panga, akaenda kufyeka majani aliyoyafyeka jana yake.*

Maneno 97. Sasa soma maswali. Ukishayasoma, rudi kwenye kifungu mara ya pili, safari hii na penseli. Wapo wanaofundisha kusoma maswali kwanza kabla ya kifungu. Sikubaliani nao kwa vifungu vifupi. Ukianza na maswali, unawinda majibu kabla hujajua habari yenyewe inaelekea wapi, na swali la dhamira au la kichwa cha habari linakushinda kwa sababu umesoma vipande tu.

Jibu lina mahali pake

Maswali ya ufahamu yako ya aina tatu hivi, na kila aina jibu lake hukaa mahali tofauti.

Aina ya kwanza jibu liko wazi katika sentensi moja. "Majirani walipeleka wapi magunia yao?" Kwenye ghala la chama cha msingi. Kosa la hapa ni kunakili sentensi nzima pamoja na "wakasubiri mnada", jambo ambalo hukuulizwa. Msahihishaji akiona umenakili na ya ziada, anajiuliza kama unajua jibu ni lipi.

Aina ya pili jibu limegawanyika katika sentensi mbili au zaidi, nawe ndiwe wa kuziunganisha. "Kwa nini Hamisi hakupeleka korosho zake ghalani?" Hakuna sentensi inayosema "kwa sababu". Sababu iko aya ya kwanza (alikwisha kuziuza Mei), tokeo liko aya ya pili (zilipakiwa usiku). Jibu kamili: *Kwa sababu alikuwa ameshaziuza kwa mnunuzi na kupokea fedha kabla ya mavuno.* Mwanafunzi anayejibu "kwa sababu aliogopa" amechukua taa zilizozimwa akazifanya sababu, wakati zile taa zinaonyesha namna korosho zilivyoondoka.

Na hapa ndipo anapotokea yule wa kwetu anayeandika: "Kwa sababu Hamisi aliuza kwa kangomba, na serikali imekataza kangomba." Kila mtu wa kusini anajua kangomba ni nini: ununuzi wa kificho, mkulima analipwa mapema kwa bei ya chini, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani (korosho huwekwa ghalani kwa stakabadhi, kisha huuzwa mnadani) ulioanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008. Umeitambua sawasawa. Lakini kifungu hakikutaja kangomba wala serikali. Jibu la ufahamu ambalo huwezi kuliwekea kidole juu ya mstari fulani si jibu la kifungu hicho, hata kama ni kweli tupu. Maarifa hayo yaweke akiba. Yatakufaa kwenye insha.

Aina ya tatu ni ya kufasiri. "Kwa nini Hamisi alikwenda kufyeka majani aliyokwisha kuyafyeka?" Mwandishi hakusema. Ameacha dalili tatu: maneno ya mkewe, kimya chake, na kazi isiyo na haja. Ukiziweka pamoja unapata mtu mwenye fedheha anayetafuta pa kukimbilia. Andika tafsiri yako, kisha dalili: *Alikuwa na aibu na hakutaka kuzungumza na mkewe, kwa sababu hakumjibu, na kazi aliyokwenda kuifanya haikuwa ya lazima.* Ukiandika "alikuwa na aibu" tu, umebahatisha. Ukiandika "alikuwa mchapakazi", umesoma sentensi ya mwisho peke yake.

Kuna swali dogo ambalo hupuuzwa: vijineno vya kurejelea. "Akaandika jina *lake* katika daftari": jina la nani? Kisarufi laweza kuwa la mnunuzi au la Hamisi. Muktadha unasema ni la Hamisi, kwa kuwa daftari ni la kumbukumbu ya waliopokea fedha. Kila unapokutana na *lake, yule, huyo, ile, hapo*, simama nusu nukta, uulize kinarejelea nini. Wanaopotea katikati ya kifungu kirefu wengi hupotelea hapo, wala si kwenye msamiati mgumu.

Kuhusu maana ya maneno, swali husema "kama yalivyotumika katika kifungu". Jaribio lake ni rahisi: chukua jibu lako, lirudishe kwenye sentensi, usome. "Taslimu" ukisema ni "kulipa", sentensi inakuwa "alimhesabia fedha kulipa", haisimami. Ukisema "za mkononi, zinazolipwa papo hapo", inasimama. Kitenzi kijibiwe kwa kitenzi, nomino kwa nomino, nahau kwa maana yake nzima: "akaenda zake" ni "akaondoka", huwezi kuikata ukaeleza "zake" peke yake.

Kichwa cha habari mara nyingi huombwa kisizidi maneno matano. "Korosho" hakifai, ni kipana mno. Habari ya kupulizia salfa nayo ingekibeba. "Hamisi na Somoe" hakisemi kitu. "Kuuza korosho kabla ya mavuno" ni maneno matano na kinashika kifungu chote. Jaribio: kichwa kizuri hakiwezi kuhamia kwenye kifungu kingine bila kupwaya.

Soma pia kitenzi cha swali. *Taja* inataka jina tu. *Eleza* inataka jina pamoja na sentensi ya maelezo. *Fafanua* inataka maelezo na mfano. *Jadili* inataka hoja zenye ushahidi, na mara nyingi upande wa pili pia. Mwanafunzi anayejibu "taja" kwa aya nzima hapati alama za ziada, anapoteza dakika. Na ukiombwa hoja tatu, ya nne haina kazi.

Ufupisho: kata, kisha shona

Usipopewa idadi ya maneno, lenga theluthi moja ya kifungu. Chetu kina 97, kwa hiyo karibu 32. Ukipewa idadi, iheshimu.

Piga mstari chini ya yale ambayo yakiondoka habari inakufa: kuuza mapema, sababu ya kuuza, mavuno kuwa mengi, korosho kuondoka kwa siri, masikitiko ya mke. Yaliyobaki ni mapambo au vielelezo: mwembe, daftari, pikipiki, taa, panga. Maneno ya mhusika yageuze kuwa taarifa, usinukuu. Mifano iliyoorodheshwa (dawa, mahindi) itafutie neno moja la jumla. Kisha unga:

*Hamisi, akiwa na shida ya fedha, aliuza korosho zake mikorosho ikiwa haijatoa maua. Mavuno yalipokuwa mengi, majirani walipeleka zao ghalani, yeye akamtolea mnunuzi wake kwa siri, huku mkewe akisikitika.*

Maneno 29. Angalia "shida ya fedha": haimo kwenye kifungu kwa maneno hayo, lakini dawa na mahindi vimebebwa humo. Kinachoharibu ufupisho wa wengi ni kuokota sentensi nzima nzima za kifungu na kuzipanga. Huo ni mkato. Kosa la pili ni maoni: "Hamisi alikosea sana". Hukuulizwa.

Fani na maudhui, juu ya kifungu kilekile

Istilahi za fasihi zinafundishwa kama orodha, na orodha inakaririwa vizuri tu. Tatizo linakuja mwanafunzi anapopewa maandishi asiyoyajua. Kwa hiyo tusihame. Hamisi na Somoe wanatosha.

Maudhui ni yanayosemwa: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo, mtazamo. Fani ni namna yanavyosemwa: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha.

Dhamira na ujumbe huchanganywa kila mwaka. Kanuni ya haraka: dhamira huandikwa kama jambo, ujumbe huandikwa kama sentensi kamili yenye funzo. Dhamira ya kifungu chetu ni *unyonyaji wa wakulima*, au *umaskini vijijini*. Ujumbe ni *Mkulima anayeuza mazao yake kabla ya kuvuna humneemesha mwingine.* Ukiandika ujumbe ni "unyonyaji", umerudia dhamira. Falsafa ni pana zaidi, ni imani ya mwandishi kuhusu maisha, na kwa kifungu kifupi kama hiki ningemwambia mwanafunzi asiiguse; inahitaji kazi nzima, wakati mwingine kazi kadhaa za mtu mmoja.

Migogoro nayo si lazima iwe ugomvi. Hapa hakuna aliyepaza sauti, lakini ipo miwili: wa nafsi, ndani ya Hamisi, na wa kifamilia, kati yake na mkewe. Chanzo cha yote ni cha kiuchumi. Ukiulizwa migogoro, taja wahusika wanaohusika, chanzo, na unavyoishia. Huu wetu hauna suluhisho, na hilo nalo ni jibu halali.

Mandhari: mahali, wakati na mazingira. Nimeona bora kulisema hili kwa nguvu, kwa kuwa kosa lake ni la kwetu hasa: mandhari ya kifungu hiki *si* Newala wala Masasi. Hakuna jina la mahali lililotajwa. Sema "kijiji kinacholima korosho, kuanzia Mei hadi msimu wa mnada", na ushahidi ni mikorosho, ghala la chama, mnada.

Muundo ni mpangilio wa matukio. Mei, Oktoba, usiku wa kupakia, asubuhi yake: ni muundo wa moja kwa moja, ambao vitabu vingine huuita msago. Kama habari ingeanza na kirikuu usiku kisha ikaturudisha Mei, ungekuwa muundo wa rejea. Kama ingeruka huku na huku, changamano. Mtindo ni jambo jingine: jinsi mwandishi anavyowasilisha. Hapa ni usimulizi wa nafsi ya tatu wenye usemi halisi wa mstari mmoja. Barua, nyimbo, dayalojia (mazungumzo), monolojia (mhusika kusema peke yake), nafsi ya kwanza, hayo yote ni ya mtindo. Anayeandika "muundo ni wa dayalojia" amevichanganya viwili hivi, na kosa hilo lavunja jibu zima.

Wahusika. Sifa ya mhusika hutoka kwenye matendo yake, maneno yake, na yanayosemwa juu yake. "Hamisi ni mvivu": hapana, anafyeka. "Hamisi ni mjinga": hiyo ni hukumu yako. "Hamisi ni mtu mwenye dhiki anayeijali familia": ndiyo, fedha ilikwenda kwenye dawa na chakula. Tazama pia kile ambacho mwandishi hakukifanya. Mnunuzi hana jina. Yeye ndiye anayeandika majina ya wengine, lake hatulijui. Mwanafunzi anayeliona hilo na kulieleza ameshatoka kwenye kukariri.

Tamathali

Jibu la kawaida la mtihani huwa hivi: *Mwandishi ametumia tashihisi. Tashihisi ni tamathali inayokipa kitu kisicho hai sifa za binadamu. Mfano, "shamba limetucheka".* Limeishia njiani. Limetaja, limefasili, limenukuu, ila halijasema tamathali imefanya kazi gani pale. Liongezee: *Kucheka kwa shamba kunaonyesha jinsi mavuno mengi yalivyogeuka dhihaka kwa familia iliyokwisha kuyauza.* Sentensi hiyo moja ndiyo inayotofautisha karatasi mbili zenye nukuu zilezile.

"Aliuza ahadi" ni sitiari: ahadi imefanywa bidhaa, bila kiunganishi cha kufananisha. Kiunganishi kikiwapo (*kama, mithili ya, mfano wa*) ni tashibiha: "bei ilipanda kama maji ya bamvua Mikindani". Lakini usidanganyike na kila "kama". "Kama mvua itanyesha" ni sharti. "Watu kama kumi" ni kukadiria. Tashibiha hulinganisha vitu viwili vya jinsi tofauti vinavyoshiriki sifa moja. Ukishindwa kuitaja sifa hiyo, huenda hapana tashibiha.

Mubaalagha ni kutia chumvi: "magunia yalirundikana hadi mbinguni". "Ilizaa kuliko miaka yote" si mubaalagha, yawezekana kabisa ni kweli. Tafsida hupunguza ukali wa neno, kama "kujisaidia" au "amejifungua". Takriri ni kurudia neno kwa makusudi. Tanakali sauti huiga mlio. Hizi hazina utata mwingi.

Zenye utata ni kejeli na kinaya. Kejeli ni maneno ya dhihaka, mtu anasema zuri akikusudia baya: Somoe angemwambia mumewe "Hongera kwa msimu mzuri", hiyo ingekuwa kejeli. Kinaya kiko kwenye hali yenyewe, mambo yanapokwenda kinyume cha matarajio. Mwaka wa mavuno makubwa ndio mwaka wa hasara kubwa kwa Hamisi. Hicho ni kinaya, na hakuna aliyemdhihaki mtu.

Ushairi, kwa ubeti mmoja

Korosho bado mtini, nazo zimenunuliwa,
Jina lipo kitabuni, bei imeamuliwa,
Mwenye shamba yu shidani, mwana ahitaji dawa,
Gunia li tupu ndani, mali imechukuliwa.

Mishororo (mistari ya ubeti) minne, kwa hiyo ni tarbia. Miwili ingekuwa tathnia, mitatu tathlitha, mitano takhmisa. Kila mshororo una vipande viwili: ukwapi kabla ya mkato, utao baada yake. Kina, yaani silabi inayofanana mwishoni mwa kila kipande, cha kati ni *ni*, cha mwisho ni *wa*. Mizani ni 8 kwa 8, jumla 16.

Kuhesabu mizani ndiko kunakokosewa. Mizani ni silabi, si herufi. *Ko-ro-sho-ba-do-m-ti-ni*: nane. "M" ya *mtini* inahesabiwa peke yake kwa kuwa imekaa mbele ya konsonanti na inatamkwa kama silabi. "Mw" ya *mwenye* haitengwi: *mwe-nye*, mbili. "Nd" ya *ndani* haitengwi: *nda-ni*, mbili. Ila "n" ya *nchi* hutengwa: *n-chi*. Ukitilia shaka, tamka polepole huku ukipiga kofi kwa kila silabi.

Kwa nini *mwana* na si *mtoto*? *Mwa-na-a-hi-ta-ji-da-wa* ni nane. *M-to-to-a-hi-ta-ji-da-wa* ni tisa. Mtunzi amechagua neno kwa ajili ya mizani, na ndiyo sababu mashairi ya kimapokeo yana *yu, li* na maneno yaliyofupishwa kwa inkisari. Shairi huru halifuati vina wala mizani kwa makusudi, na kuliita guni ni kosa: guni ni shairi lililokusudia kufuata kanuni likashindwa.

Utenzi una umbo jingine: mishororo minne ya mizani nane nane, mitatu ya kwanza ikichangia kina kimoja, wa nne ukibeba kina kinachorudi hadi mwisho wa utungo. Lindi ina mfano wake wa nyumbani, utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini kuhusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Anayefundisha utenzi pwani ya kusini bila kuutaja anajinyima mfano ulio mlangoni.

Mazoezi juu ya kifungu cha Hamisi

1. Taa za kirikuu kuzimwa kunadokeza nini? Taja dalili nyingine moja inayokubaliana na jibu lako.
2. Andika upya aya ya pili kwa nafsi ya kwanza, msimulizi akiwa Somoe. Ni taarifa ipi iliyomo kwenye kifungu ambayo Somoe huenda asingeijua?
3. Geuza "Mwaka huu shamba limetucheka" iwe taarifa, uangalie kinachotokea kwa "mwaka huu" na kwa "-tu-".
4. Tunga ubeti wa pili wa tarbia ile kwa vina vilevile, mizani 16, ukimzungumzia mnunuzi bila kumpa jina.
5. Fupisha kifungu kwa maneno yasiyozidi 20.